Sijambo ya Serikali

Nchi yetu haina shida. Nasema mapema ili msomaji asipoteze muda kuzitafuta. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa limepelekwa kwa Kamati ya Majina kupakwa rangi upya na bado halijarudi, nami ni raia mwema, siwezi kutumia jina lililoko matengenezoni.

Mimi ndiye Burhani Ngwali. Kama umewahi kuwasha redio asubuhi katika nchi yetu unanijua, maana saa hiyo hakuna kingine cha kusikiliza. Kazi yangu ilikuwa kusoma Taarifa ya Hali ya Nchi. Taarifa yenyewe ilikuwa fupi: "Hali ya nchi ni shwari." Hapo natulia kidogo, halafu zinaingia tarumbeta. Ni sentensi moja tu, lakini msiidharau. Nilipelekwa ng'ambo kuisomea, nikarudi na cheti na koti. Niliisoma hata siku ya mafuriko, maji ya studio yakiwa yamenifika magotini, na wasikilizaji wengi waliandika kuusifu utulivu wangu. Walioandika walikuwa wa mlimani. Wa bondeni hawakuwa na mahali pakavu pa kuwekea karatasi.

Nilijiona mtu mkubwa, sitaficha. Sauti yangu niliitunza kuliko afya ya familia: asali asubuhi, tangawizi mchana, skafu shingoni hata wakati wa joto la kuyeyusha lami. Sokoni nikiuliza kama nyanya ni za leo, watu waligeuka, nami nililirudia swali ili waliokuwa mbali wasikose. Mke wangu Zuhura alikuwa akiniambia, "Baba Shufaa, mimi nimekuomba chumvi tu, usinisomee taarifa."

Basi, asubuhi moja nikasoma, "Hali ya nchi ni shwari," nikatulia kama kawaida, na katika ule utulivu nikaanza kulia. Lingekuwa chozi moja la heshima ningesema ni uzalendo. Lakini nililia kwa kwikwi, nikivuta kamasi mbele ya kipaza sauti cha taifa. Tarumbeta zilikuja kunisitiri, ila zilichelewa.

Wiki chache kabla yake nilikuwa nimefiwa na baba yangu. Hilo sikulihusisha kabisa, kwa sababu ofisi ilikwisha nipa ruhusa ya kufiwa na muda wake ulikuwa umekwisha. Nilihudhuria mazishi kwa gari la kituo, dereva akiningoja bila kuzima injini, na kabla watu hawajamaliza kutupia udongo nilikuwa nimerudi mjini kuwahi zamu. Matanga walikaa wengine. Kwa hesabu za serikali, mimi na baba tulikuwa tumemalizana.

Mkurugenzi wetu, Bi. Perpetua, aliniita ofisini. Ni mama mnene mwenye jozi mbili za miwani, ya kusomea na ya kutazamia watu. Alivaa ile ya watu.

"Bwana Burhani, kuna mtu amekupiga?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Una njaa?"

"Nimekunywa uji."

"Sasa unalia nini?"

"Sijui, Mkurugenzi."

"Hujui! Mheshimiwa Waziri amenipigia akitetemeka. Ananiuliza kuna jambo gani redio inalijua na yeye halijui." Akavua miwani, akashusha sauti. "Nisikilize, ndugu yangu. Siku ya Utulivu wa Taifa inakuja. Waziri mwenyewe atakaa studio, hapo ubavuni kwako. Ukilia siku hiyo, mimi sina la kukutetea. Utahamishiwa kitengo cha matangazo ya ng'ombe waliopotea."

"Lakini Mkurugenzi, nchini kwetu ng'ombe hawapotei. Tulikwisha tangaza."

"Ndiyo maana nakwambia. Utakaa kimya mpaka ustaafu."

Nilitoka pale nikijiuliza. Mtu aliyejengwa kwa sauti, ukimnyang'anya sauti anabaki na nini? Anabaki na koti na skafu. Niliogopa sana, na nasema hivyo bila haya, kwa kuwa woga ndio kipaji changu cha pili baada ya sauti.

*

Kwa bahati, mwaka huohuo Wizara ya Utulivu wa Nafsi ilikuwa imezindua programu ya simu iitwayo Tulia. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Mbwilo, yuleyule aliyempigia Bi. Perpetua, alihutubia uwanjani, na hotuba yake naikumbuka kwa sababu tuliirudia redioni mpaka kasuku wa jirani akaishika.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mtu mwenye majonzi alisumbua watu. Alikwenda kwa shangazi yake, akalia, shangazi akamkalisha, akaanza kumbembeleza, mboga ikaungua jikoni. Nauliza, taifa hili limeunguza mboga ngapi kwa ajili ya majonzi? Sasa basi! Kuanzia leo huzuni imeingia kwenye mfumo. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi hamtakuwa na cha kuficha, kwa sababu mtakuwa mmekwisha tukabidhi."

Watu walipiga makofi. Mashangazi walikaa mstari wa mbele na vyeti vyao vya kustaafishwa.

Jioni ile Zuhura alinipakulia programu hiyo, maana mimi vidole vyangu ni vya kushika karatasi ya taarifa tu. Simu ikapiga ngoma, ukatokea uso wa mwanamke wa kuchorwa, anatabasamu. Chini yake pakaandikwa: Hujambo?

Nikaandika: Sijambo.

Ngoma zikalia tena. Maua yakamwagika kwenye kioo. Hongera, mwananchi! Umepona.

Lazima nieleze hapa, kwa msomaji ambaye labda amekulia kwenye nchi isiyo na adabu. Kwetu salamu ni salamu. Mtu anaweza kuja amebeba godoro kichwani, nusu yake imeungua. Utamwuliza, "Hujambo?" Atasema, "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Hawajambo." Utamkaribisha kiti, atakaa, atakunywa maji, atafuta mdomo, halafu atasema, "Ila nyumba imeungua." Hapo ndipo mazungumzo huanza. Hakuna asiyejua kwamba habari yenyewe iko nyuma ya ila. Hata wale vijana wa wizara waliotengeneza mfumo walijua, ni watoto wetu, tumewalea. Lakini waliagizwa mfumo uwe wa haraka, nao wakaona wahesabu jibu la kwanza.

Kwa hiyo nchi nzima ilipona katika mwezi wa kwanza. Walipona wajane, walipona waliofukuzwa kazi, wakapona mpaka waliolazwa kwa kuvunjika miguu, ambao waliifungua Tulia kwa kukosa la kufanya. Waziri alipewa nishani na nchi jirani. Wajumbe walitoka mbali kuja kujifunza, wakaulizwa uwanja wa ndege kama hawajambo, wakaandikwa wamepona nao.

Mimi kesho yake nikasoma, "Hali ya nchi ni shwari," nikalia upya.

Mtaalamu wa wizara akaletwa. Alinitazama ndani ya mdomo na taa, akasema ugonjwa umekwisha, haya ni machozi ya akiba, yalitengenezwa kabla sijapona na sasa yanatoka kwa mujibu wa foleni.

Nikarudi kwenye simu. Safari hii nilijipa moyo. Iliponiuliza Hujambo, nikaandika moja kwa moja: Naumwa roho.

Jibu likaja: Mwananchi mpendwa, salamu hujibiwa kwanza. Sisi ni watu wenye mila.

Niliona aibu ya kweli, uso ukanichoma. Nikaandika: Sijambo. Nikapongezwa kwa kupona tena, mara hii kwa fataki.

Zuhura alikuwa akichambua mchele pembeni. "Sasa si usijibu tu? Iache iulize mpaka ichoke, halafu useme la kwako."

"Nisijibu salamu? Mimi? Mwana wa Mzee Ngwali?"

Akaacha kuchambua, akanitazama kwa muda. Baba alihamia kwetu miaka yake ya mwisho, na Zuhura ndiye aliyeshinda naye nyumbani kutwa nikiwa kazini. Kisha akaendelea na mchele wake.

*

Bi. Perpetua alipoona hali haibadiliki alinitafutia kibali cha kuwaona Washauri Hai, yaani binadamu, huduma waliyotengewa watumishi ambao kulia kwao kunasikika. Mtu unajichagulia mwenyewe kwenye picha. Na hapa ndipo nilipogundua kwamba kumtafuta mshauri wa kukufaa ni sawa na kutafuta mchumba gizani: unayemshika ndiye.

Wa kwanza nilimchagua kwa sababu alikuwa na uso wa upole. Alikuwa bwana shamba kwa miaka mingi, kisha idara yake ikavunjwa, wakampa semina ya asubuhi moja na kumhamishia nafsi.

"Unalia wakati gani?" akaniuliza.

"Asubuhi."

"Huo ni umande. Na majani yako yakoje? Namaanisha, unakula vizuri?"

"Nakula."

"Basi mizizi. Kuna kitu kinakula mizizi." Alifikiri kwa dhati, nilimwona anafikiri. "Punguza kivuli. Palilia mapema. Mvua zikianza utaona tofauti."

Hakuwa mtu mbaya, na nikiri, nilipopalilia bustani ya Zuhura siku ile nilisikia nafuu mpaka nikang'oa mchicha wake wote kwa bahati mbaya.

Wa pili nilimchagua kwa tamaa. Picha yake ilikuwa na suti, na nilisikia ni mpwa wa mtu. Nilitaka kuponywa na mtu wa daraja langu. Nilipomwuliza habari zake akasema nzuri, ila mjomba amemwahidi ukurugenzi tangu zamani, sasa amempa mtoto wa mkewe mdogo. Akaanza kulia. Nilimbembeleza muda wangu wote. Nilimpa sauti yangu nzuri kabisa, ile ya sikukuu. Mganga hajigangi, nikasema moyoni, na alipotulia mfumo ulinitaka nimpe nyota, nikampa zote, maana kwa kweli alikuwa amepata nafuu.

Wa tatu aliniamuru nisimame mbele ya kioo nipige kelele, "Mimi ni mshindi!" Nilifanya hivyo chooni kwa wanaume pale kituoni. Sauti yangu, kama nilivyosema, inafika mbali. Nilipotoka nilikuta wafanyakazi wamejipanga koridoni wakinipongeza, wakidhani nimeshinda bahati nasibu, na mhasibu tayari alikuwa na kadi ya mchango wa harusi ya binti yake mkononi.

Siku ya Utulivu ilikuwa imekaribia. Kila asubuhi nililia, kila asubuhi fundi mitambo aliziwahisha tarumbeta zaidi, mpaka ikawa nasema "Hali ya nchi" na zinanipokea hapohapo. Nyumbani nilikaa kimya. Nilikuwa nimeanza kufanya mazoezi ya ng'ombe waliopotea.

*

Alibaki mmoja kwenye orodha ya picha, ambaye nilikuwa nikimruka. Aliitwa Mshauri Tulivu. Alikuwa amevaa miwani myeusi, nusu ya uso ameificha nyuma ya gazeti. Maelezo yake yalisema: Uzoefu, kusikiliza. Lugha, zote. Hupatikana wakati wowote, hata usipopiga.

Nilimpigia mchana, niko jikoni. Zuhura alikuwa ametoka, nami nilikuwa nimeachiwa dengu jikoni nizitazame, nikazitazama mpaka zikaungua.

"Karibu, Bwana Burhani," ikasema sauti. "Pole kwa dengu."

"Umejuaje kama ni dengu?"

"Mshauri mzuri hujiandaa. Sogea kidogo karibu na ile swichi ya ukutani, hapo nakupata vizuri. Hapohapo. Na lile gari jeupe hapo nje lisikutie wasiwasi, ni mambo ya mtandao."

Mimi si mjinga sana, ingawa nimeishi vizuri kwa kujifanya. Katika nchi yetu kuna Idara ya Masikio, ambayo haipo, na ofisi zake hazipo ghorofa ya pili mkabala na posta. Watu wake husikiliza nyumba za watumishi nyeti kama mimi. Wizara ilipokosa washauri wa kutosha iliazima watu kila idara, na kumbe hawa nao waliazimwa. Nilitaka kukata simu, lakini ungemkatia simu mtu ambaye anakusikia hata ukikata?

"Hujambo?" akaniuliza.

"Sijambo," nikasema.

Nikangoja ngoma na maua. Havikuja. Yule bwana hakusema kitu. Nilisikia anavyopumua, nikasikia jogoo wa jirani simuni na dirishani kwa pamoja, na yeye bado hakusema kitu. Watu wa idara ile hufundishwa wasimkatize mtu, wasije wakaharibu kanda. Katika wote niliowapitia, huyu ndiye wa kwanza kuningoja.

"Ila," nikasema.

Akangoja.

"Ila baba yangu alikuwa na tabia ya kujibu redio."

Nikamweleza yote, ambayo hata mimi mwenyewe sikuwahi kujieleza. Kwamba baba, kila niliposoma taarifa, aliijibu kama mtu aliyesalimiwa barazani. Mimi sikuwahi kumsikia, saa hiyo niko studio, lakini jioni Zuhura alinihadithia akicheka: leo baba amesema shwari, ila paka wa jirani amekula dagaa. Leo amesema shwari, ila goti limeamka vibaya. Na ule utulivu wangu kabla ya tarumbeta, ambao magazeti yaliusifu, ambao niliwadanganya wanafunzi wa utangazaji kwamba niliusomea ng'ambo, haukuwa ufundi wowote. Nilikuwa namwachia mzee nafasi ya kujibu. Sasa kila asubuhi nasema shwari, naacha nafasi, na hakuna wa kuijaza.

Yule bwana akakohoa. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya mshauri wala ya askari.

"Mimi nilimsikia," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Nilipangiwa yeye. Walisema kuna mzee anayeipinga taarifa ya nchi kila siku, chumba cha mbele, kiti cha karibu na dirisha. Nimemsikiliza tangu alipohamia hapo. Sijapata kumwona, lakini nilimjua kuliko nilivyomjua baba yangu mimi. Aliposema goti, na mimi goti lilinivuta. Siku alipoacha kujibu, nilidhani mtambo umekufa. Nikaenda stoo kuomba mwingine. Nilikuwa nimekwisha kuusainia ndipo nikasikia mkeo analia. Na kuja kukupa pole siwezi, Bwana Burhani. Kikazi mimi sipo."

Nikasema, "Pole na wewe."

"Ahsante. Nina kitu hapa. Mimi siruhusiwi kuwa nacho, na wewe huruhusiwi kukisikia, kwa hiyo tuko sawa."

Nikasikia mkwaruzo, kisha kwa mbali sauti ya mwanamume mmoja mwenye majivuno akisema hali ya nchi ni shwari. Nilichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Kijiko kikagonga kikombe. Halafu baba yangu akasema, "Alhamdulillahi. Ila bomba hili tangu juzi linapumua tu." Mkwaruzo. "Haya, shwari. Ila mvua nayo imetugomea." Mkwaruzo. Mwisho akasema polepole, na nikajua ni siku zake za mwisho kwa jinsi alivyovuta pumzi, "Shwari. Ila mwanangu amechoka, Zuhura. Sikiliza sauti ilivyokonda. Huko hawamwachi mtu akapumzika?"

Nililia. Nililia kilio cha matanga, kile nilichokiacha kwenye gari la kituo. Niliketi chini kwenye sakafu ya jikoni, karibu na swichi, na sikuona haya. Kutoka kule nje lilikoegeshwa gari jeupe nilisikia mtu anapenga kamasi, na muda mfupi baadaye, simuni, nikasikia kupenga kulekule, kumechelewa kidogo kwa sababu ya mtandao.

"Lile la mwisho uliliripotije?" nikauliza.

"Niliandika kwamba mzee ameonyesha mashaka juu ya afya ya taarifa."

Tukacheka sote, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

*

Siku ya Utulivu wa Taifa studio ilipambwa kwa vitambaa. Mheshimiwa Dakta Mbwilo alikaa ubavuni kwangu, nishani zake zikigongana kila alipovuta pumzi. Bi. Perpetua mwenyewe alishika kitufe cha tarumbeta, maana hakumwamini fundi. Wote walinikazia macho. Nami nilijisikia vizuri, mkavu kabisa. Nilijua sitalia.

Taa nyekundu ikawaka.

"Hali ya nchi ni shwari," nikasoma, kwa sauti ambayo hata mimi niliipenda.

Nikatulia. Nikaacha nafasi ileile. Bi. Perpetua, kwa kuona nimetulia salama, naye akatulia. Na pale nafasi ilipokuwa inakaribia kwisha na hakuna aliyeijaza, niliona haiwezekani, mtu mzima hawezi kusalimu akaachwa hivi hajajibiwa.

"Ila baba yangu amefariki," nikasema. "Mzee Ngwali. Nami sikukaa matanga yake."

Waziri alirukia kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ndugu wananchi, puuzeni! Hali ni shwari! Mimi Waziri wenu nasema ni shwari. Mnanisikia, mimi ni mzima, sijambo kabisa, nyumbani kwangu hawajambo." Pumzi zikamwishia. Na kwa kuwa, pamoja na nishani zote zile, ni mtoto aliyelelewa kama sisi, mdomo wake uliendelea peke yake. "Ila usingizi sipati."

Bi. Perpetua hakubonyeza kitufe.

"Tangu nipewe wizara hii sipati usingizi," akaendelea, akikitazama kipaza sauti kama ndiyo kwanza anakiona. "Nchi nzima imepona nimebaki mimi. Na nimwambie nani? Nikifungua Tulia inanipongeza. Shangazi yangu nilimstaafisha mwenyewe."

"Pole, Mheshimiwa," akasema Bi. Perpetua, taa ikiwa bado nyekundu. "Hata mimi nyumbani mambo si mambo."

Mchana ule serikali ilieleza kwamba yaliyosikika yalikuwa mchezo wa redio. Uchunguzi wa haraka ulibaini kosa liko kwenye ule utulivu kabla ya tarumbeta, ukapigwa marufuku. Tulia nayo iliboreshwa: siku hizi haisalimii mtu, inaanza moja kwa moja na hongera.

Mimi nilihamishiwa ng'ombe waliopotea, kama nilivyoahidiwa. Nilipewa chumba chenye dirisha linalotazama barabara na kiti kimoja. Nilidhani nitakaa kimya mpaka nistaafu. Lakini asubuhi ya kwanza alikuja mama mmoja, akasimama dirishani, tukasalimiana vizuri, hajambo, nyumbani hawajambo, akaomba maji, akanywa. "Ila," akasema, "nina ng'ombe wangu mwekundu, haonekani." Nilipomwuliza zaidi, ng'ombe aliuzwa na mwanawe, na mwana mwenyewe ndiye haonekani. Nikazungumza naye mpaka jua likageuka. Kesho yake walikuja wengine. Nchi yetu, ambako ng'ombe hawapotei, ina foleni dirishani kwangu, na wengi wao hawajawahi kufuga. Sauti yangu siitumii sana. Zuhura ananiletea chakula, na siku mboga ikiungua hatusemi kitu.

Asubuhi kabla sijatoka huwa nakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mtangazaji mpya husema shwari, tarumbeta zinamdaka hapohapo, haachi hata nafasi ya chawa. Lakini Zuhura hujibu juu ya hizo tarumbeta, na jirani hujibu ukutani kwake, na ng'ambo ya barabara kuna mzee anayefungua dirisha kabisa ili ila yake isikike.

Gari jeupe liliendelea kuegeshwa palepale. Juzi nilimpelekea yule mshauri wangu chai. Kioo kikashuka, nikamwona kwa mara ya kwanza: mtu wa kawaida, mfupi, masikio madogo kuliko nilivyotarajia. Alikuwa tayari amewasha injini, wamemhamisha mtaa mwingine, alikuja kuaga.

"Hujambo, Bwana Burhani?" akaniuliza.

"Sijambo," nikasema.

Akazima injini, akangoja.